Ukuta wa Baba Mdogo

Baba mdogo alijenga ule ukuta mama yangu akiwa edani. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapoeleza habari za ua wetu, hapa mtaani Mtendeni hakosekani mtu wa kunikatiza na kuniambia yaliyopita si ndwele. Kwangu mimi ni ndwele. Mwanamke amefiwa na mume, amekaa chumbani na nguo zake nyeupe, haruhusiwi hata kutoka kuuliza, "Jamani, mnafanya nini huko nje?" Kutwa nzima alisikia mafundi wakipokezana matofali na kugonga udongo kwa mwiko. Jioni alipofungua dirisha apate hewa, akaona ukuta.

Nilikuwa darasa la tano. Nilirudi kutoka shule, nikaweka mkoba barazani, nikapitia ndani kwenda kisimani kunawa miguu kama siku zote. Nikakutana na matofali mabichi, udongo wake bado unachuruzika maji. Kisima kilikuwa upande wa pili. Jiko lilikuwa upande wa pili. Hata kamba ya kuanikia nguo na ukumbi wa nyuma, alipokuwa akikaa bibi kuchambua mchele enzi za uhai wake, vyote vilikuwa upande wa pili. Sisi tuliachiwa vyumba viwili na kipande cha ardhi tupu ambacho hata kuku wangekikataa.

"Mama, tutapika wapi?" nikauliza.

"Punguza sauti," akasema. "Baba yako bado hajapoa kaburini."

Nikapunguza sauti siku ile. Sijapunguza tena tangu hapo.

Nyumba yetu ni ya zile za kale, kuta za udongo na miti, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani bila kuanguka. Ukiingia kwa mlango mkubwa unapita ukumbi wenye giza, kisha unatokea kwenye mwanga wa uani, vyumba vimekuzunguka pande zote. Enzi za misafara, ua huo ulikuwa mahali pa kutulia mizigo iliyotoka ziwani ikisubiri kwenda pwani. Bibi, mama yake baba, alitueleza habari hizo mara nyingi, nasi tukiwa tumeketi naye ukumbini, ungo uko mapajani mwake, vidole vinatafuta mawe kwenye mchele wakati mdomo unasema.

"Bibi yangu mimi," alikuwa akisema, "alikuwa mzigo uliobaki."

Alimaanisha hivi. Bibi yake alikamatwa akiwa msichana huko Urundi, juu kwenye milima inayotazama ziwa, akavushwa na kutembezwa hadi hapa pamoja na wengine. Njiani alikanyaga kisiki, mguu ukaoza. Msafara ulipoondoka kwenda pwani, yeye hakuweza hata kusimama, kwa hiyo mfanyabiashara mwenye nyumba akamwacha uani kama mtu anavyoacha gunia lililotoboka. Mguu ukapona. Mfanyabiashara akasafiri kwenda pwani na hakurudi. Wengine walisema amekufa, wengine walisema ameona mambo yamebadilika huku bara. Yule msichana akabaki na nyumba tupu. Akaolewa na pagazi mmoja wa Kinyamwezi aliyechoka kubeba pembe za watu, na wawili hao wakachimba kisima kwa mikono yao, kwa sababu kabla ya hapo maji yalichotwa mbali. Sisi sote tumetokana nao. Huyo mfanyabiashara hana damu yoyote kwetu.

Kwenye ukuta wa ukumbi wa nyuma, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, kulikuwa na pete nene ya chuma. Bibi alipaka ukuta chokaa nyeupe kila mwaka kabla ya Ramadhani lakini ile pete hakuigusa wala hakuruhusu ing'olewe. Nilipomuuliza ni ya nini, alinitazama kwanza kuona kama nimefikia umri wa kuambiwa.

"Punda walifungwa nje," akasema. "Humu ndani walifungwa watu."

Baba yangu alijua hadithi hiyo. Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa kati yao watatu, aliijua. Na baba mdogo, kitinda mimba, aliijua vilevile. Naomba hilo lieleweke, maana ndilo lililonifanya nisiweze kumhurumia.

Mama yangu alitoka Ulyankulu, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi. Aliletwa huko akiwa mtoto mgongoni kwa mama yake. Alikuja kuuza maharage karibu na stesheni, na baba, aliyekuwa fundi wa reli, akawa mteja wa maharage asiyejua kupika. Walioana. Mama aliacha kanisa la wazazi wake akasilimu, na kwao wakanuna. Huku mjini nako wapo walionong'ona kwamba fundi wa reli ameoa mkimbizi. Bibi ndiye aliyewanyamazisha. Siku mama alipoingizwa ndani, bibi alimshika mkono akamzungusha uani, akamwonyesha kisima, akasema, "Umetoka alikotoka bibi yangu. Hapa ni kwenu kabla hapajawa kwetu." Mama alinisimulia jambo hilo mara moja tu, na alilia, na mama si mtu wa kulia.

Bibi alifariki nikiwa mdogo. Baba akafuata miaka michache baadaye, kwa homa iliyoanza kama mzaha. Wazee wawili hao walipokwisha kuondoka, aliyebaki na sauti ndani ya nyumba ni baba mdogo.

Siku eda ilipokwisha, majirani wanawake walipanga waje kumwogesha mama, wamvishe nguo mpya, wamfukize udi na kumtoa nje kwa heshima kama inavyopasa. Baba mdogo aliwatangulia. Alikuja asubuhi, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Shemeji," akasema, "eda imekwisha. Sasa urudi kwenu."

"Kwetu ni wapi, shemeji?" mama akauliza.

"Ulyankulu. Au Burundi. Mimi mipaka yenu siijui."

"Na mtoto wa kaka yako?"

"Mtoto wa kike atakwenda kuolewa. Ua huu ni wa wenye asili yao. Hatukujengewa sisi hapa ili tufuge wakimbizi."

Mama aligeuka akaingia chumbani. Alifunga kanga zake na sufuria zake katika shuka. Nilichukua picha ya baba, ile ya pasipoti iliyokuzwa, nikaitia ndani ya gauni. Wanawake wa kumwogesha walitukuta barabarani, wamebeba ndoo na udi na nguo mpya, nao wakasimama pale wakitutazama. Mmoja alianza kulia kwa sauti. Mama akamwambia, "Acha, dada, watu wanatazama," na tukaendelea kutembea. Alitoka eda barabarani, akiwa na nguo za jana, bila maji.

Shangazi alikuwa ameolewa Ntalikwa. Alipopata habari alikuja mbio, akamkuta mdogo wake amekwisha badilisha kitasa. Mumewe alimkataza kuingilia ugomvi wa ndugu, akamwambia akichagua ndugu asirudi. Akarudi kwa mumewe. Kwa miaka mingi nilimweka shangazi kwenye kundi moja na baba mdogo, na nilipokutana naye sokoni nilipita upande wa pili.

Tulihamia Itetemia, kwenye chumba kimoja kwa mama mmoja aliyetuonea huruma. Mama akalima vibarua, baadaye akapata kiwanja, akajenga kidogo kidogo. Huko kwao Ulyankulu hakwenda. "Niliondoka nikisema nimepata kwangu," aliniambia. "Nitarudi na sura gani?" Na Mtendeni hakukanyaga miaka yote hiyo. Akitaka kwenda sokoni alizunguka njia ya mbali, hata akiwa na mzigo kichwani, hata mvua ikinyesha. Nilimfuata nyuma katika mizunguko hiyo nikihesabu madeni ya watu, na si ya fedha.

Mimi nilifanya kinyume. Kwenda shule nilikuwa na njia mbili, nikachagua inayopita mbele ya nyumba yetu. Kila asubuhi baba mdogo alikuwa barazani na wenzake wakinywa kahawa. Nilisimama mbele yake, nikapiga goti kidogo kama mtoto mwenye adabu, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo:

"Shikamoo, baba mdogo!"

Mara ya kwanza alishtuka hata kahawa ikamwagika. Angefanya nini? Salamu ya mtoto haikataliwi mbele ya watu.

"Marahaba," akasema.

"Mama anakusalimu!"

Mama hakuwa amemsalimu mtu. Lakini nilisema hivyo kila siku, na kila siku mmoja wa wale wazee aliuliza, "Huyu si mtoto wa marehemu? Wanakaa wapi siku hizi?" Na baba mdogo alilazimika kujibu. Nilikuwa mtoto na sikuwa na silaha nyingine ila adabu yangu, basi nikaitumia hadi makali yake yakamwingia. Baada ya muda alianza kugeuza uso akiniona natokea kwenye kona. Nikaongeza sauti. Mwishowe akahamishia kahawa yake ndani. Siku niliyokuta baraza tupu nilifika shule nikiimba. Mwalimu aliniuliza kuna nini, nikasema leo ni sikukuu.

Nilikua. Nikaingia kwenye biashara ya mchele, naufuata kwa wakulima wa Nzega na Igunga na kuuza hapa mjini. Niliolewa, nikaachika, sina la kulalamika juu ya hilo. Watu wananijua kwa kucheka sana. Hawajui kwamba kila nilipofunga kibanda jioni nilipita njia ileile, nikatazama mlango ule, nikaangalia ni nakshi gani imedondoka, na kujiambia kwamba siku moja.

Wakati huo baba mdogo alikuwa amejitengenezea ukoo mpya. Alivaa kanzu na koti, akafuga ndevu, akaanza kuwaambia watu kwamba yule mfanyabiashara wa zamani ndiye babu yake mzaa baba wa baba. Wanafunzi na wageni waliopenda mambo ya misafara walielekezwa kwake, naye akawatembeza uani akiwaeleza jinsi babu alivyochimba kisima na alivyokuwa mkarimu kwa mapagazi. Kijana mmoja mteja wangu alikuja kunisimulia hayo kibandani akishangaa uzuri wake. Nilimpimia mchele wake, nikakosea kipimo.

Kisha mume wa shangazi akafariki. Sikwenda msibani. Lakini alipotoka eda, shangazi alikuja mwenyewe kibandani kwangu, ametembelea fimbo, akakaa juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Sijaja kuomba msamaha," akasema. "Msamaha ni wa mama yako, si wako. Nimekuja kukuambia jambo. Edani ndiko nilikomwona mama yako. Nimekaa chumbani, wanangu wananiletea maji ya moto na uji, na kila nilipoinua kikombe nilimwona yule mwanamke amefungiwa kwa ukuta. Usingizi umenikataa. Sasa niambie unataka nini."

Nilimjibu bila kufikiri, kwa kuwa jibu lilikuwa tayari tangu darasa la tano. "Nataka aaibike mbele ya watu. Kisha nataka ua."

"Tuanze na lipi?"

"Na aibu."

Shangazi akatikisa kichwa kukubali, akanyanyuka. Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Haikuchukua muda mrefu. Tulisikia kwamba kuna wageni wanaoshughulikia majengo ya kale wanakuja kutazama nyumba, na baba mdogo amealika majirani, amekodi viti, amepika. Siku hiyo asubuhi nilivaa vizuri, nikampitia shangazi, tukaenda. Mlango mkubwa ulikuwa wazi. Tangu nitolewe mle sikuwa nimekanyaga ndani. Nilipopita ule ukumbi wa giza na kutokea kwenye mwanga, shangazi akanishika kiwiko. Ukuta ulikuwa palepale, umepakwa rangi ya bluu, umetobolewa mlango wa kupita. Ule upande wetu alikuwa amefanya stoo.

Watu walijaa ukumbi wa nyuma. Baba mdogo alikuwa amesimama katikati na fimbo yake, akieleza.

"Na pete hii," alikuwa akisema, "ni ya kufungia punda. Babu yetu alikuwa na punda wengi, weupe, wa kupandwa."

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema.

Sauti aliitambua kabla hajageuka. Niliona shingo yake ikikaza.

"Marahaba," akasema, kwa sababu walikuwapo wageni.

"Huyo babu mwenye punda ni babu yupi?"

Alicheka akiwageukia wageni. "Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana maneno mengi. Mwanangu, tutazungumza baadaye."

"Tuzungumze sasa. Wageni wamekuja kusikia habari za ua."

Hapo shangazi akapita mbele. Watu walimpisha wenyewe. Alikwenda hadi kwenye kiti kikubwa kilichokuwa cha baba mdogo, akakaa, akaweka fimbo mapajani.

"Dada," baba mdogo akasema kwa upole wa ghafla, "jua kali. Ungekwenda kupumzika ndani."

"Nimepumzika miaka mingi," shangazi akasema. Kisha akawageukia wageni na kueleza. Hakupandisha sauti. Alieleza habari za msichana kutoka Urundi, kisiki, mguu uliooza, msafara ulioondoka, pagazi wa Kinyamwezi, kisima. Alieleza kama bibi alivyoeleza, maneno yaleyale, hata pale bibi alipokuwa akinyamaza kidogo yeye naye alinyamaza. "Mama yetu alituambia sote watatu hapahapa. Wewe, mdogo wangu, ulikuwa umelala mapajani mwake, na baadaye ulipokua ukauliza tena, akakusimulia upya."

"Hayo ni maneno ya jikoni," akasema baba mdogo. "Hadithi za wanawake."

Miongoni mwa wageni alikuwapo dada mmoja kijana aliyekuwa amechuchumaa mbele ya ile pete. Aliinua uso. "Mzee, samahani. Kama ni ya punda, mbona iko chini hivi? Punda angefungwaje hapa?"

Kisha jirani yetu mmoja mzee sana, aliyekuwa akinywa naye kahawa enzi zile za salamu zangu, akajikohoza. "Mama yangu alitueleza hivyohivyo alivyosema dada yako," akasema. "Nilidhani na wewe unajua."

"Anajua," nikasema. Na hapo nikalitoa lile nililolibeba. "Anajua kwamba aliyeuanzisha ukoo huu alikuwa Mrundi aliyeletwa amefungwa. Alijua hivyo siku alipomtoa mama yangu humu ndani, ameinamisha kichwa, akiwa na nguo za eda, akamwambia arudi Burundi, kwa sababu ua huu ni wa wenye asili yao. Huu ukuta mnaouona wa bluu hakuujenga babu mwenye punda. Aliujenga yeye, kumnyima mjane wa kaka yake maji ya kisima kilichochimbwa na Mrundi."

Nilimtazama usoni. Jasho limemtoka juu ya ndevu. Wale wazee majirani, ambao siku ile tuliyotolewa walijifungia ndani, walikuwa wakitazama miguu yao. Nao walinitosha. Pilau lake lilibaki likapoa, maana watu walianza kuaga mmoja mmoja, na mtu anayeaga msibani haagi kwa unyonge kama walivyoaga wale.

Watu huniuliza kama nilijisikia vibaya. Nilijisikia vizuri. Nilitembea hadi nyumbani nikipunga mikono. Vijana wa mtaa walianza kumwita Babu wa Punda, na ingawa sikuwafundisha, sikuwakataza pia. Akipita kwenda msikitini, mmoja alilia kama punda nyuma ya ukuta, na wenzake wakacheka. Akaacha kanzu ile. Baadaye akaacha kupita.

Ua ulifuata. Shangazi aliitisha kikao cha ukoo, akamleta sheikh, na safari hii hakuna ndugu aliyethubutu kumtetea baba mdogo. Sheikh aligawa kama sheria inavyotaka: mafungu yetu katika haki ya baba yakaja kwa mama na kwangu, na shangazi, mbele ya wote, akasema fungu lake ananipa mimi. Upande wa kisima na jiko ukawa wetu. Baba mdogo alibakiwa na vyumba vyake vya mbele, na hakuna aliyemfukuza, maana nilitaka awepo.

Ukuta niliuvunja mwenyewe. Niliwaita mafundi lakini nyundo ya kwanza ilikuwa yangu, na ya pili, hadi mikono ikatoka malengelenge. Yeye alikuwa ndani, dirisha limefungwa. Kila tofali lililoanguka nililisukumia chini ya dirisha lile.

Nilidhani sasa nitamrudisha mama. Nilikwenda Itetemia nikiwa bado na vumbi la ukuta kichwani, nikamkuta anapukuchua mahindi, nikamweleza kila kitu, kikao, sheikh, nyundo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ua umerudi," nikasema. "Twende."

"Yeye mwenyewe alikwambia nini?"

"Nani?"

"Shemeji yangu."

"Hakusema kitu. Angesema nini?"

Mama akachukua gunzi jingine. "Mlizungumza huko kwenu, mkagawana huko kwenu. Mimi nilitolewa kwenye mlango. Aje kwenye mlango wangu."

Nilipeleka ujumbe kwa shangazi, na shangazi akampelekea. Siku nyingi zilipita. Nadhani alikuja kwa sababu mtaa ulikuwa umemshinda, na alihitaji kuweza kusema kwamba amepatana na shemeji yake. Alikuja asubuhi, shangazi akiwa nyuma yake. Mimi na mama tulikuwa ndani, mlango umerudishwa, mwanga unapita kwenye ufa. Niliona kivuli cha miguu yake.

"Hodi," akasema.

Nikafungua mdomo, kwa mazoea tu, maana mtu akisema hodi ulimi huitika wenyewe. Mama aliniwekea kiganja juu ya goti. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo umenyooka.

"Hodi humu ndani," akasema tena. "Shemeji, ni mimi."

Mama alikuwa akitazama mlango. Sijui alikuwa akiona nini. Nje jogoo akawika, na mtu akapita na baiskeli mbovu inayolia mnyororo.

"Hodi," akasema mara ya tatu.

Kwa desturi yetu, ukibisha mara tatu usikaribishwe, unaondoka. Alisimama kidogo zaidi ya ilivyo adabu. Kisha nikasikia fimbo yake ikigusa mchanga, ikienda, na shangazi akimfuata. Mama hakuondoa mkono gotini kwangu hadi kimya kiliporudi. Halafu akanyanyuka, akaenda kuwasha moto wa chai.

"Nilidhani utamwambia kitu," nikasema.

"Nimemwambia," akajibu, na akaniomba nimpe kiberiti.

Hakuhamia Mtendeni. Anasema amezoea hewa ya Itetemia, na mihogo yake haina mwangalizi. Huja Jumamosi mara mojamoja, anakaa ukumbini, anachota maji yake mwenyewe kisimani ingawa siku hizi tuna bomba, kisha anarudi kwake. Akimkuta baba mdogo uani, wanapishana kama watu wasiofahamiana.

Mimi nimehamia. Na vile vyumba vya kuzunguka uani nimevipangisha kwa makusudi: wapangaji wangu wote wametoka Ulyankulu na Urambo, wakulima waliokuja mjini kutafuta shule za watoto na biashara ndogondogo. Kutwa Kirundi kinasikika chini ya dirisha la baba mdogo. Wanawake wanatwanga, wanasimuliana, wanacheka. Jumapili kabla ya kwenda misa wanafanya mazoezi ya kwaya pale kisimani, sauti nne, na ua wetu wenye kuta nene unazipokea na kuzirudisha. Sipati mahali pa kulaumu kuimba kwao. Yeye akiomba wapunguze, huja kwangu, na mimi humwambia aende awaambie mwenyewe, kwa lugha yao.

Amezeeka sana sasa. Mkewe alifariki, wanawe wako Dar es Salaam na hupiga simu sikukuu. Macho yanamsumbua. Wapangaji wangu, ambao nimewaeleza habari yote bila kuacha kitu, wamejipangia zamu ya kumpelekea uji asubuhi. Niliwakataza. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya, aliniangalia akaniambia, "Dada, kwenye chuki yako sisi hatujakuingilia. Uji nao tuachie sisi."

Nikawaachia. Asubuhi ninapotoka kwenda sokoni naona bakuli limefunikwa kisahani juu ya kizingiti chake. Siulizi kama amekunywa. Nafungua mlango mkubwa, nausukuma kwa bega kwa sababu bawaba moja imelegea na sijapata fundi wa kuaminika, nakwenda kufungua kibanda.